Matema au Msimbati: mama hajawahi kuona ufukwe, tumpeleke wapi na mwezi gani?

MtuWaUyole

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Uyole, Mbeya, nimejifunika blanketi mbili na vidole bado vinauma kwa baridi. Wanaoishi huku wanaijua Julai ilivyo.

Mama yangu ametimiza miaka 71. Amezaliwa huku huku milimani, amelima viazi na pareto, ametusomesha wote sita. Hajawahi kukanyaga mchanga wa ufukwe wowote. Mwaka huu watoto wake tumechanga ili apate wiki moja ya kupumzika mahali penye joto, maana magoti yanamsumbua sana kipindi hiki. Pesa imepatikana. Ugomvi uliobaki ni wapi. Kaka na wadogo zangu wawili wanataka Mtwara, akaione bahari ya Mikindani na Msimbati. Mimi na dada tunasema Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela. Kwenye kundi la familia watu wanarushiana picha, na picha haikwambii upepo unavumaje wala mvua imenyesha siku ngapi wiki hiyo. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Matema nimekwenda mara nyingi tangu utoto. Mtwara mara mbili, Novemba na Aprili. Ile safari ya Aprili mwenye nyumba ya wageni alinihakikishia kwa simu kwamba mvua zimekatika. Katika siku tano niliona jua siku moja. Sikumsamehe haraka, ila nilijifunza kwamba hali ya hewa nisiulize mtu anayeniuzia chumba.

Nilipofungua ramani nilishangaa kitu kimoja. Matema iko karibu nyuzi tisa na nusu kusini mwa Ikweta, na Mtwara imepita nyuzi kumi kidogo tu. Yaani ni kama ziko kwenye mstari mmoja, jua linalowapiga ni lile lile. Hivyo anayesema Mtwara ni joto kwa sababu ya jua la pwani, hajagusa sababu. Kinachotofautisha ni mwinuko na milima. Mtwara iko usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi juu ya bahari. Sisi Uyole tuko karibu mita 1,800. Kawaida ukishuka mita 1,000 joto huongezeka kama nyuzi sita, kwa hiyo mtu anayeteremka kutoka hapa hadi Matema anapokea nyuzi kama nane za ziada bila kutoka mkoani. Akiendelea hadi usawa wa bahari anaongeza tatu nyingine.

Halafu milima. Matema imekaa kwenye kona kabisa ya kaskazini mashariki mwa ziwa, na mgongoni mwake Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Ule ni ukingo wa Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukazama, maji yakajaa. Na ule mteremko unaouona juu ya maji unaendelea chini ya maji. Ziwa lina kina cha takribani mita 700 mahali pake pa chini kabisa. Toa mwinuko wa uso wake, utakuta sakafu ya ziwa letu iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa Bahari ya Hindi. Kila nikikaa pale Matema nikiwaza hilo naona ziwa kwa macho mengine.

Mtwara haina ukuta wa namna hiyo. Kuna uwanda wa Makonde kwa ndani, lakini pwani yenyewe imejikunja kwa ghuba, mikoko na miamba ya matumbawe. Mchanga wa Msimbati ni mweupe kwa sababu sehemu kubwa ni matumbawe na makome yaliyosagika. Mchanga wa Matema ni wa kahawia na una kokoto, kwa kuwa ni mawe ya milimani yaliyoshushwa na mito. Matumbawe hayaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, msiyatafute ziwani.

Naomba michango ya wanaozijua sehemu hizi kwa kuishi. Mwezi gani, upepo upi, mama wa miaka 71 aende wapi?

BintiIpinda

Ugonile kaka. Umeandika vizuri, ila umeruka jambo kubwa kuliko yote kwetu, nalo ni mvua.

Kyela na Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa Tanzania. Kwa mwaka inapita milimita 2,000. Mtwara inapata kama nusu ya hiyo. Na sababu ni hiyo hiyo milima uliyoisifia. Upepo wa kusini unasafiri juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, unabeba unyevu njia nzima, ukifika kwetu unakuta njia imefungwa. Mashariki kuna Livingstone, kaskazini kuna Rungwe wenye karibu mita 3,000. Hewa haina pa kwenda isipokuwa juu, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga maji. Yanatuangukia sisi. Ndiyo yanayotupa mpunga, kakao na ndizi, hatulalamiki, lakini mgeni lazima ajue.

Zinaanza Novemba, zinapamba moto Machi na Aprili, na Mei bado zipo wakati Mbeya mjini mmeshasahau mwavuli. Aprili mito Lufilyo na Mbaka inafurika, mashamba yanageuka ziwa, maji ya ufukweni yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukimleta mama mwezi huo atakaa barazani akiangalia matone. Ni kipindi kizuri kwa samaki aina ya mbasa tu, maana ndipo wanapopanda mito kutaga.

Na Juni hadi Agosti, ambapo ninyi wa juu mnatamani sana kushuka, mvua imepungua lakini upepo wa kusini unapiga. Ng'ambo Malawi wanauita mwera. Asubuhi unaweza kukuta ziwa limelala, saa nne linaanza kukunjamana, mchana mawimbi yanavunjika ufukweni mpaka unadhani uko baharini. Wavuvi wetu wanatoka usiku kwenda kuvua usipa kwa taa, na wanahakikisha wamerudi mapema. Mtumbwi wa kwenda Ikombe kuwaona Wakisi wanavyofinyanga vyungu panda asubuhi. Mchana wa Julai usimpandishe mzee.

Septemba, Oktoba na wiki za kwanza za Novemba ndiyo Matema yenyewe. Maji yanaangaza hadi chini, upepo umechoka, joto lipo. Nakuomba usimlete mama mwezi mwingine.

Kaburu_la_Sinde

Bahari ni bahari. Ziwa kubwa namna gani litabaki ziwa. Mpelekeni Mtwara.

MtuWaUyole

@BintiIpinda ndaga fijo dada. Hilo la mwera sikulijua kwa jina, ingawa mawimbi ya mchana nimeyaona.

@Kaburu_la_Sinde mkuu nakuelewa, lakini nisaidie kwa sababu. Mama hajali jina. Ataamka asubuhi atake kujua kama leo anaweza kukaa nje.

MzeeWaMikindani

Wanangu, mimi nimezaliwa Mikindani na sasa niko Makambako kwa mwaka wa kumi na tisa. Baridi ya Makambako na upepo wake ndivyo vilivyonifundisha kuithamini pwani. Nisikilizeni kwa utulivu, maana wengi wanaoisifu bahari hawaijui.

Mtu wa bara akifika pwani kwanza ajifunze maji kupwa na kujaa. Ziwani maji yako pale pale asubuhi na jioni. Yanapanda na kushuka kwa majira, yanakuwa juu mwishoni mwa mvua na chini kuelekea Desemba, lakini ndani ya siku moja huoni kitu. Baharini ni mara mbili kujaa na mara mbili kupwa kila siku, na saa zake zinasogea kila kukicha. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu tunapata bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita tatu. Familia inatoka bara, inafika ufukweni saa sita mchana wakati wa bamvua, inakuta bahari imekimbia, limebaki tope, majani na mwamba mtupu. Watu wanakasirika bure. Wangeuliza mvuvi mmoja tu angewaambia njooni saa kumi. Kwa mama mwenye magoti mabovu hili ni zito, kwa sababu kutembea juu ya mwamba wenye utelezi kuyafuata maji si jambo la mchezo. Chagueni siku za maji mafu, yaani mwezi unapoonekana nusu angani, maji hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu.

Pepo zetu ni mbili. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, ni ya joto na unyevu. Kusi inashika kuanzia Aprili au Mei, inapata nguvu Juni hadi Agosti, inalegea Septemba. Katikati yake, Oktoba na Novemba, bahari inatulia, ndiyo matlai. Kusi hiyo ndiyo ndugu wa huo mwera wa ziwani, ni pepo zile zile za kusini mashariki, zinatupitia sisi kwanza.

Mvua Mtwara hatuna vuli na masika zilizoachana kama Dar es Salaam na Tanga. Sisi ni msimu mmoja kama ninyi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Aliyekwenda Aprili akanyeshewa, pole sana, lakini ndivyo ilivyo.

Na lipo la vimbunga. Zamani tuliambiwa vimbunga vinaishia Msumbiji na Madagaska. Wazee wetu walikumbuka kile cha 1952 kilichopiga Lindi. Kisha Aprili 2019 Kenneth kikaingia Cabo Delgado, jirani kabisa na mpaka, na watu wa Mtwara tukaambiwa tuhame nyumba zilizo chini. Nilikuwa huku nikipiga simu kila nusu saa kwa dada yangu. Mwenyezi Mungu alituepusha. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikapita Mafia, kikaleta mafuriko Kilwa na Lindi na barabara ya kwenda Dar ikakatika. Vyote viwili vimekuja mwisho wa mvua, Aprili na Mei. Miezi hiyo msimpeleke mzee kusini, bahari iacheni.

Mkienda, msiishie Msimbati. Mpelekeni Mikindani jioni. Ghuba yetu imefungwa, maji yake hayana fujo, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Milima mnayoiona Matema inaitwa kwa jina lake.

Nesi_Tukuyu

Shikamoo Mzee wa Mikindani, maelezo yako nimeyanakili.

Nazungumzia afya, maana naona watu wanachagua kwa uzuri. Mama wa miaka 71 aliyezoea Uyole, mwili wake umezoea hewa kavu na baridi. Mtwara Januari joto la mchana ni nyuzi 30 na zaidi kidogo, si la kutisha kwa kulisoma, lakini unyevu hauachi jasho likauke. Usiku pia haumpi nafuu. Hata Julai, mwezi wa baridi kwao, usiku unacheza kwenye nyuzi 20. Matema usiku hewa nzito ya milimani inateremka kuelekea ziwani, mtu analala vizuri. Mchana inageuka, upepo unatoka ziwani kwa sababu nchi kavu imepata moto haraka kuliko maji. Hata Mtwara upepo wa namna hiyo upo, ila hakuna mlima wa kushusha ubaridi usiku.

Kama anatumia dawa za presha, hasa zile za kupunguza maji mwilini, aonane na daktari kabla ya safari. Joto linampunguzia maji, dawa nayo inampunguzia, anaweza kuanguka akisimama ghafla.

Ziwa lina kichocho. Lisemwe wazi. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia, penye matete na majani, karibu na midomo ya mito na mahali watu wanapofulia. Mchanga wazi wenye mawimbi hatari yake ni ndogo, haijaisha. Akioga ziwani, apimwe baada ya wiki kadhaa. Ukipima kesho yake hutaona kitu. Midomo ya mito waepuke pia kwa ajili ya mamba. Malaria ni kote kuwili, na mtu wa Uyole hana kinga ya mtu wa Kyela. Chandarua kila usiku, hata mwenyeji akisema mbu hakuna.

BintiIpinda

Namuunga mkono nesi kwa yote. Kuhusu mamba, wenyeji wanajua sehemu. Uliza mama anayeteka maji, fuata anapoteka.

Tandamu_ya_Mizigo

Niko barabarani miaka mingi, nichangie njia. Uyole hadi Matema ni kilomita mia na ushehe. Unapanda Igawilo, unavuka hadi Tukuyu, unaanza kuteremka, unakata kushoto Kikusya kupitia Ipinda, kama kilomita 39 za lami mpaka ufukweni. Zamani kile kipande wakati wa mvua tulikuwa tunalala njiani. Angalizo ni ukungu kati ya Isongole na Tukuyu, asubuhi mapema huoni mbele ya boneti. Tokeni saa tatu.

Mtwara kutoka hapa ni Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, halafu Mtwara. Inapita kilomita 1,000. Lami ipo, kona pia zipo. Kwa mama mwenye magoti ni siku mbili, mlale Songea. Kwenda na kurudi mmemaliza siku nne kati ya saba. Hesabu hiyo mliifanya kwenye kundi la familia?

MtuWaUyole

@Tandamu_ya_Mizigo hatukuifanya, kaka yangu. Kila mtu alikuwa anahesabu nauli tu.

Mlangali_Damu

Mbona hamtaji Ludewa? Lupingu na Manda ni ziwa hilo hilo, milima imeshuka hadi majini, kelele hakuna. Au mpandisheni meli, MV Mbeya II iliyoanza kazi 2021 inatoka Kyela hadi Mbamba Bay, mama aone ukuta wote wa Livingstone kutoka majini. Safari nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

BintiIpinda

Meli ni nzuri, lakini Oktoba. Julai mtamrudisha mama akiwa hajala siku mbili.

Kaburu_la_Sinde

Nimesoma yote nikarudi. Naomba nieleze kwa nini nilisema bahari. Mama yangu mimi alifariki bila kuiona. Alikuwa akiniuliza kama ni kweli huoni ng'ambo, nami namwambia tutakwenda, tutakwenda. Ndiyo maana niliandika kwa mkato. Kama mama yenu anaitaka bahari kwa kinywa chake, msimnyime kwa sababu ya kilomita. Mmemuuliza?

MzeeWaMikindani

Mwanangu, pole. Umesema neno ambalo sisi wote tumelipita. Matema ng'ambo ya Malawi unaiona siku hewa ikiwa safi. Msimbati ukitazama mashariki hakuna kitu, ni maji na mbingu. Na jua Mtwara linachomoza mapema kuliko huko kwenu, kama dakika 25 kwa saa hii hii tunayotumia, kwa kuwa tuko mashariki zaidi. Linatoka majini. Matema milima inalificha, mnaliona likiwa limeshapanda. Machweo ndiyo yenu.

MtuWaUyole

Wakuu, nimekaa kimya siku tatu. Nilikwenda kwa mama Jumapili baada ya kanisa nikamuuliza, peke yetu, jikoni. Nikaona aibu kwamba sisi watoto sita tulibishana wiki mbili na hakuna aliyemuuliza.

Hakujibu mara moja. Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema anataka mahali ambapo anaweza kuingiza miguu kwenye maji ya vuguvugu kila asubuhi bila kusaidiwa, na ajitembelee mwenyewe kwenda sokoni. Akauliza kama ni kweli Wakisi bado wanauza vyungu kule Matema, kwa sababu bibi yake alikuwa na kimoja na kilivunjika yeye akiwa mtoto. Nikamwambia soko lipo Jumamosi pale Lyulilo. Akacheka. Nikamuuliza na bahari je? Akasema, "Bahari nayo nitaiona, lakini magoti yapone kwanza."

Kwa hiyo tumeafikiana hivi. Matema wiki ya kwanza ya Oktoba, tutoke Uyole Ijumaa saa tatu ukungu ukiwa umeinuka, ili Jumamosi awahi soko. Asubuhi ataingia maji kwenye mchanga wazi, mbali na mto, na mchana atakaa kivulini. Chandarua tumeshanunua. Daktari wake wa presha anamwona Alhamisi hii.

Na Mtwara tumeiandika mwakani, Novemba mwanzoni kabla ya mvua. Kaka ameahidi nauli ya ndege hadi Dar na kutoka Dar hadi Mtwara, ili magoti yasilipe kilomita zile. @MzeeWaMikindani, nitakutafuta hapa hapa Oktoba mwakani unitajie siku za maji mafu.

@Kaburu_la_Sinde, asante ndugu yangu. Ukipenda twende wote Msimbati. Gari la Mtwara mjini hadi kule litakuwa na nafasi.

Kaburu_la_Sinde

Nitakuja.

BintiIpinda

Kaka, mwambie mama kwamba mama mdogo wangu anauza mchele pale kwenye njia ya soko la Lyulilo. Akifika aulize mama wa Ipinda, atawekewa kiti.